Koasta moja, timu tatu: Iringa, Dodoma, Morogoro na kurudi

Maelezo haya yamepangwa baada ya msafara kurudi, kwa kufuata daftari la meneja wa timu, stakabadhi na picha za simu. Msafara ni wa chuo kikuu kidogo cha binafsi mjini Iringa. Soka wanaume, mpira wa pete wanawake, na timu ya mpira wa wavu ya wanaume ambayo haina wachezaji wake peke yake: wote sita wanatoka kwenye soka. Mechi zilikuwa za kirafiki, Dodoma na Morogoro, za kujipima kabla ya mashindano ya vyuo vikuu yanayoratibiwa na TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu Tanzania.

Waliosafiri: wachezaji 15 wa soka, 9 wa pete, kocha, meneja, mhudumu wa huduma ya kwanza na dereva. Watu 28 kwenye Koasta ya viti 29. Kikapu na riadha vilibaki nyumbani, na serikali ya wanafunzi ililalamika kweli kweli. Uamuzi ulikuwa sahihi. Chuo kidogo kikipeleka timu tano zenye upungufu, mchezaji yuleyule ataitwa viwanja vitatu kwa siku moja, na mwisho wa siku timu zote tano zinafungwa.

Jumatano, Iringa: kufungasha

Koasta ilikodiwa kwa Sh 280,000 kwa siku, siku tano, mafuta juu ya chuo. Mzunguko wote ni karibu kilomita 830 za barabara kuu, na ukiongeza mizunguko ya mjini unafika 900. Bajeti ya dizeli iliwekwa lita 130, zikabaki chache. Posho ya dereva ni Sh 30,000 kwa siku, ipangwe tangu mwanzo. Dereva anayeanza kudai posho yake mkiwa Gairo ana haki ya kununa.

Vilivyopakiwa: mipira minne ya soka, mitatu ya pete, mitatu ya wavu, seti mbili za jezi za rangi tofauti kwa kila timu, vizibao vya pete vyenye herufi za nafasi, seti moja na vya akiba viwili, wavu mmoja, nyavu za magoli na kamba za kufungia, futi ya kupimia ya mita tano, pampu na sindano nne. Sindano hukatika, na kisa ni kilekile kila mara: mtu anaichomeka kavu. Ilowanishe kwanza kwa maji, iingize wima, usiizungushe. Sindano kavu huchana vali, na mpira uliochanika vali haurudi.

Makaratasi yanapaswa kukaa kwenye bahasha moja ya plastiki: barua za mwaliko, barua ya ruhusa ya chuo yenye muhuri, orodha ya wachezaji yenye namba za usajili, nakala za vitambulisho vya wanafunzi na kadi za bima ya afya. Kwa gari la kukodi, hakikisha mmiliki amekata kibali cha safari hiyo na nakala imo garini. Askari wa barabarani huomba kibali kwanza, ndipo huhesabu abiria.

Alhamisi, Iringa–Dodoma kupitia Mtera

Kuondoka kulipangwa saa 11 alfajiri. Gari lilitoka saa 12:40, kwa sababu wachezaji wawili wa pete walikuwa na jaribio la darasani na barua zao za ruhusa zilikuwa bado zinasubiri saini ya mhadhiri. Hili hutokea zaidi kwenye vyuo vidogo: mhadhiri ni mmoja kwa somo, akiwa nje ya mji hakuna wa kumshikia. Saini zikusanywe wiki moja kabla, si jioni ya safari.

Umbali ni kama kilomita 260, lami yote. Baada ya kushuka Nyang'oro hewa inabadilika ghafla. Masweta yakavuliwa, madirisha yakafunguliwa. Mabasi na Koasta hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50, na njia hii ina vijiji vingi. Usipige hesabu ya saa tatu. Weka tano.

Kabla ya Mtera tairi la nyuma la ndani liliishiwa upepo. Tairi la ndani ndilo baya kuliko yote, kwa sababu lazima la nje litoke kwanza, na nati za Koasta iliyokaa muda mrefu bila kufunguliwa hushika kutu. Bomba la chuma la kurefusha spana lilikosekana garini. Fundi pancha wa Migori alikuja na lake kwa bodaboda, akafungua, akaziba, akadai Sh 5,000. Meneja alipomwongezea 2,000 ya mafuta ya bodaboda, aliirudisha akasema, "Hawa ni wanafunzi, bosi, wanunulieni maji." Saa moja na robo ilipotea hapo.

Mtera ni mpaka wa mkoa wa Iringa na Dodoma. Bwawa linazuia maji ya Ruaha Mkuu, na kituo chake cha umeme kina uwezo wa megawati 80. Eneo la mitambo lina ulinzi, kwa hiyo simu zibaki mfukoni. Samaki wanauzwa kando ya barabara: perege wa kukaanga Sh 3,000, wakubwa 5,000, kambale mkavu kwa bei ya maelewano. Mvua ilishuka wakati wa kununua, na mama mmoja mwenye kibanda cha mabati akawaingiza wachezaji wote ndani, akahamisha ndoo zake nje zikanyeshewa. "Kaeni, wanangu, samaki ameshazoea maji."

Tahadhari ya chakula: mchezaji asile samaki wa barabarani aliyepoa siku moja kabla ya mechi. Chagua anayetoka kwenye mafuta mbele ya macho yako. Mwenye wasiwasi ale ndizi na karanga.

Kutoka hapo hadi Dodoma hakuna la kusimulia, isipokuwa mibuyu na usingizi. Gari lilifika saa 8:30 mchana.

Malazi yalikuwa darasa kwa wanaume na hosteli kwa wanawake, bure, magodoro ya kuazima. Wenyeji walipanga mabafu vizuri, ila maji yalikatika saa 2 usiku. Tangu hapo kanuni ya msafara ikawa moja: mkifika mahali, jazeni ndoo kabla ya kufungua mabegi.

Ijumaa, Dodoma: pete asubuhi, soka jioni

Chakula cha asubuhi saa 1: chai, chapati mbili, mayai mawili, Sh 2,500 kwa kichwa kwa mama lishe nje ya geti. Mchana wali maharage na mboga, 3,000. Usiku ugali nyama, 3,500. Jumla ni 9,000 kwa mtu, 252,000 kwa msafara mzima kwa siku. Mama lishe ajulishwe idadi jioni ya kuamkia siku hiyo. Watu 28 wakimtokea ghafla atapika kwa awamu mbili, na awamu ya pili itaingia uwanjani na chakula bado kiko kooni.

Mechi ya pete ilianza saa 3:30. Kabla ya kupasha misuli, kocha alitoa futi. Nguzo ya goli inatakiwa kuwa na urefu wa mita 3.05 hadi kwenye pete; moja ya nguzo za pale ilikuwa imepungua karibu sentimita nane, kwa kuwa saruji ya uwanja imeongezwa juu ya ile ya zamani. Haikurekebishika. Kilichowezekana ni kukubaliana kubadilishana magoli kila robo, na kuwapa wafungaji dakika kumi za kurusha kwenye kila nguzo. Mfungaji (GS) aliyezoea nguzo kamili hurusha juu mno kwenye nguzo fupi, na mpira unapita nyuma ya pete bila hata kuigusa.

Wachezaji tisa kwa mchezo wa saba maana yake akiba ni wawili tu. Robo nne za dakika 15 juu ya saruji, kwenye jua la Dodoma, humaliza watu kwa mpangilio unaojulikana: wa katikati (C) anaanza, wa pembeni wa kushambulia (WA) na wa pembeni wa kulinda (WD) wanafuata. Kocha alimtoa C mwisho wa robo ya kwanza kabla hajachoka, akamweka WD, akamrudisha robo ya tatu. Wengi husubiri hadi C ameanza kutembea, na akishatembea hata kupumzika robo nzima hakumrudishi. Mechi iliisha 31–27 kwa wageni, na robo ya nne peke yake ilikuwa 11–5.

Kabla ya mechi mwamuzi alikagua kucha na mapambo. Kikata kucha kikae kwenye begi la huduma ya kwanza. Wachezaji wawili waliokuwa na nywele zenye shanga walizifunga kwa kitambaa. Hiyo isiwe kazi ya dakika ya mwisho.

Soka ilipigwa saa 10 jioni kwenye uwanja wa udongo mgumu wenye changarawe pembeni. Hapa viatu ndivyo vinavyoamua. Njumu zenye meno ya chuma ya kukaza hazizami kwenye ardhi ya aina hii. Mguu unabaki juu ya ncha sita, kifundo kinayumba na unyayo unatoka malengelenge kabla ya mapumziko. Njumu za meno mengi mafupi ya mpira ndizo sahihi. Anayemiliki jozi moja tu, na hao ni wengi, anunue za aina hiyo. Golikipa avae suruali ndefu, hata akiona joto.

Kwa kuwa ni kirafiki, makocha walikubaliana kwa maandishi kabla: mabadiliko bila kikomo, na mapumziko ya maji dakika ya 30 na ya 75. Maandishi ni muhimu. Makubaliano ya mdomo hugeuka ubishi mara tu timu moja inapofungwa. Matokeo 1–1.

Michubuko ilikuwa sita. Tiba: maji safi na sabuni, kutoa changarawe zote hata kama mchezaji anapiga kelele, kukausha, kisha shashi. Kidonda kinachofungwa kikiwa na mchanga ndani ndicho kinachoharibu wiki mbili za mazoezi.

Jumamosi, Dodoma–Morogoro

Hapa kila anayepanga safari ya timu siku hizi huuliza: kwa nini si treni? Reli ya SGR imekuwa ikifika Dodoma tangu katikati ya 2024, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilikuwa Sh 31,000. Kwa msafiri mmoja mwenye begi ni usafiri mzuri kuliko basi lolote. Kwa timu hesabu ni nyingine. Mabegi ya mipira, nyavu na ndoo ni mzigo wa kujadiliwa getini. Tiketi zinataka utambulisho wa kila mtu. Na mkishuka Morogoro bado mnahitaji gari la kuwafikisha chuoni, uwanjani na kurudi. Timu inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma na kurudi, ikiwa mwenyeji ana basi, ichukue treni. Mzunguko kama huu unataka gari lenu wenyewe.

Gari liliondoka saa 12 kamili. Kibaigwa malori ya mahindi yalikuwa yamepanga foleni ya kuingia sokoni. Gairo palinunuliwa viazi vitamu, ndoo ndogo Sh 5,000. Vikichemshwa usiku vinafaa sana kwa mchezaji wa kesho yake, na ni rahisi kuliko mkate. Ukipita Magole wakati wa masika, ulizia hali ya mto kabla: mafuriko ya Januari 2014 yalivunja daraja la pale na barabara hii kuu ikakatika. Safari hii maji yalikuwa madogo.

Morogoro saa 6 mchana. Mechi ya wavu saa 11 jioni, na hapo mipira ikaleta kisa chake.

Mipira yote ilijazwa Iringa, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Morogoro iko mita 500 hivi. Kadiri unavyoshuka, hewa ya nje inazidi kuubana mpira, na tofauti kati ya miji hii miwili ni karibu kilo 0.12 kwa sentimita ya mraba. Kwa mpira wa soka, unaoruhusiwa kati ya 0.6 na 1.1, ni kitu kidogo. Kwa mpira wa wavu, ambao kipimo chake ni 0.30 hadi 0.325 tu, ni zaidi ya theluthi. Joto la Morogoro hurudisha sehemu ya upungufu, halitoshi. Mpira uliolegea hukaa mkononi mwa mpangaji kwa muda mrefu kidogo, na mwamuzi anaita kosa la kushika. Ongezeni upepo baada ya kufika. Na ukirudi Iringa na mipira iliyojazwa Morogoro, utoe kidogo, la sivyo inakuwa migumu na kuumiza mikono.

Wavu wa wenyeji ulikuwa umechanika, ukafungwa wa wageni. Urefu wa katikati ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Fimbo nyepesi iliyokatwa 2.43 na kutiwa alama kwenye 2.24 inapima vyote viwili kwa sekunde chache, kuliko kuhangaika na futi inayopinda hewani. Mechi ilipotea seti 3–1. Sababu haikufichika: sita hao walikuwa wamecheza soka dakika 90 jana yake kwenye udongo mgumu, na kuanzia seti ya tatu hakuna aliyekuwa anaruka kuzuia. Ratiba ingewekwa wavu kwanza na soka siku ya pili, miguu ingekuwa na nafasi. Kuruka huumiza zaidi baada ya kukimbia kuliko kukimbia baada ya kuruka.

Malazi Sh 5,000 kwa kichwa kwenye hosteli ya chuo mwenyeji. Vitanda vipo, vyandarua havitoshi. Kwenda Morogoro, kila mtu abebe chake.

Jumapili, Morogoro

Asubuhi ibada kwa wanaosali, kufua kwa wengine. Pete ilichezwa saa 9 alasiri chini ya mawingu, ikaisha kwa ushindi wa wenyeji 34–29. Tofauti yote ilitokana na mfungaji wao mrefu ambaye mlinzi wetu wa goli (GD) hakuwa na namna ya kumfikia.

Soka iliingia baada ya mvua. Uwanja wa majani, umelowa, na hapa njumu za meno mafupi ziliteleza. Haiwezekani kuwa na viatu vya viwanja viwili kwa pesa ya mwanafunzi. Kinachowezekana ni kubadili mchezo: pasi fupi, mabeki wasiruke kukaba kwa kuteleza, golikipa aanzishe mpira kwa kuurusha kwa mkono badala ya kuupiga kwa mguu. Ushindi wetu wa 2–0 ulitokana na kona mbili.

Unyevunyevu wa Morogoro unadanganya. Dodoma jasho linakauka na mtu anajua ana kiu. Morogoro jezi inalowa na mtu anadhani ni mvua. Ziliandaliwa lita 20 za maji yenye chumvi za ORS, na zikaisha zote. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, kwani zipo za lita moja na za nusu lita, na kukosea hapo ni kumpa mchezaji chumvi maradufu. ORS ikiisha dukani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Mchezaji mmoja alibanwa na misuli ya shavu la mguu usiku. Mzazi wa mwanafunzi mwenyeji, muuguzi aliyekuja tu kumletea binti yake chakula, alikaa naye nusu saa akimnyoosha taratibu. Alipoondoka aliacha hotpoti nzima ya pilau.

Jumatatu, Morogoro–Iringa

Kilomita 310 hivi. Kuondoka saa 12 asubuhi kunalipa, kwa sababu hifadhi ya Mikumi inapitwa kukiwa na ubaridi na wanyama wako karibu na barabara: twiga, pundamilia, nyani kwenye kingo. Kuna matuta, vibao vya mwendo, na faini za kugonga mnyama zimeandikwa hadharani. Msisimame kuwarushia nyani maganda ya ndizi. Hilo lisemwe garini kabla ya kuingia, maana viti vya nyuma havisikii.

Ruaha Mbuyuni ndipo pa kula: ugali kuku 5,000, na vitunguu vimepangwa kando ya barabara hadi macho yanachoka. Vitunguu viwekwe juu kwenye keria, visikae ndani karibu na mabegi ya jezi zilizolowa. Harufu hizo mbili zikikutana, kazi mnayo.

Kitonga mnapanda. Lori la mizigo lilikuwa limeharibika kwenye kona na foleni ikasimama saa mbili na nusu. Utingo wa lori lililokuwa mbele yetu alishuka bila kuombwa, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya Koasta, kisha akaenda kufanya hivyohivyo kwa gari dogo lililofuata. Dereva asitegemee breki ya mkono pekee kwenye mwinuko ule gari likiwa limejaa. Foleni ilipofunguka, injini ilipandisha joto. Dawa yake ni gia ya pili, kiyoyozi kuzimwa, na ikizidi, kusimama penye nafasi na kusubiri dakika 40. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto, hata dereva akiwa na haraka ya namna gani. Maji yanaruka usoni.

Baadaye Ilula na nyanya zake, kisha Iringa saa 11 jioni, baridi ya kawaida.

Kwa meneja kazi iliendelea Jumanne. Marejesho ya masurufu yanataka stakabadhi ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa mafuta na malazi. Mama lishe na fundi pancha hawana mashine hiyo, kwa hiyo kwa malipo hayo itumike karatasi ya malipo yenye tarehe, kiasi, jina, namba ya simu na saini, ijazwe palepale mnapolipa. Ukiirudia baada ya siku tano hakuna anayekumbuka samaki walikuwa wangapi. Jezi zihesabiwe kwa namba siku hiyohiyo, zifuliwe, zianikwe kivulini. Wavu uanikwe pia kabla ya kukunjwa. Uliolowa na kufungiwa stoo huoza kwenye fundo, na utachanika katikati ya mechi inayofuata.